Ekzosi ya mabomba nane kwa waya wa umeme wa ukutani

Bomba namba tano halikutakiwa kuvuka. Nililigundua hilo usiku, mabomba yote nane yashagandishwa, kolekta zote mbili, pale mabomba manne manne yanapoungana, zishakaa, nimeinua injini ya modeli yangu ya gari juu ya taa naizungusha taratibu kuitafuta kasoro ndogo ndogo za gundi, nikakuta kasoro kubwa. Namba tano lilitoka mbele kushoto, likapanda juu ya giaboksi, likavuka kwenda kulia na kukutana na mabomba ambayo kwenye injini ya kweli halina biashara nayo. Nilikaa nalo muda mrefu kabla sijachukua plaizi nikaanza kubandua.

Nianze nyuma kidogo. Modeli yenyewe ni Ford GT40 Mk II ya skeli ya 1/24, gari la injini ya nyuma ya dereva, V8 ya lita 7, yani silinda nane kwenye safu mbili, ile familia ya magari yaliyoshika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye mbio za Le Mans mwezi wa sita 1966, la kwanza likiwa na Bruce McLaren na Chris Amon. Ukifunua kifuniko cha nyuma cha gari hili, kitu cha kwanza kinachokuvuta sio injini, ni ekzosi. Mabomba manane yanatoka pembeni ya injini, manne kila upande, yanapanda, yanapishana juu kwa juu, alafu yanajikusanya kuwa midomo miwili inayotazama nyuma. Waliyaita rundo la nyoka na jina likabaki hadi leo.

Sasa kwenye seti niliyokua nayo hiyo ekzosi ilikuja vipande viwili vya plastiki, nusu ya juu na nusu ya chini, unagundisha inakua moja. Na hapo ndo shida inapoanza, maana mabomba ya namna hii yanapita juu ya mengine kwa nafasi, kuna hewa katikati, kuna kivuli, na kalibu ya vipande viwili, kile chombo cha kumiminia plastiki, haiwezi kutoa hiyo hewa, kwahiyo sehemu zote zilizotakiwa ziwe wazi zilikua zimejaa plastiki, kama mtu kayachora mabomba juu ya kidonge. Kuna mstari wa maungio unapita mgongoni mwa kila bomba. Na midomo haina tundu. Unaweza kusaga mstari kwa msasa na ukatoboa midomo kwa drili, nimeshafanya hivo kwenye modeli nyingine na ikatosha, ila kwa hii haitoshi, hili gari ekzosi yake ndo sura yake.

Nikasema nijenge mwenyewe kuanzia sifuri.

Mara ya kwanza nilikunja kwa macho. Nilichukua picha mbili tatu, nikaona mabomba yanavuka, nikahisi ni mawili ya mbele ya kila upande ndo yanayovuka na ya nyuma yanabaki kwao, nikakunja hivo. Ilipendeza kweli. Ilikua fujo nzuri yenye mpangilio, na mtu yeyote angeitazama angesema ndo yenyewe. Kilichonifanya nihoji ni swali dogo tu lililonijia wakati nasafisha gundi, kwamba hawa watu walikua wanapigania kila kilo kwenye gari, kwanini wapitishe mabomba njia ndefu hivi juu ya giaboksi badala ya kukusanya manne ya kulia kulia na manne ya kushoto kushoto wakamaliza?

Jibu liko kwenye mpangilio wa kuwaka kwa silinda. Ile injini ya Ford inawaka 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda 1 mpaka 4 ziko upande wa kulia, 5 mpaka 8 kushoto. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili, yani digrii 720, ili silinda zote nane ziwake, kwahiyo kila digrii 90 kuna moja inatoa moshi. Chukua karatasi uandike. Upande wa kulia peke yake, moja inawaka kwenye 0, nne kwenye 180, mbili kwenye 270, tatu kwenye 450, alafu inasubiri mpaka 720 irudi moja. Yani pengo la 180, la 90, la 180, la 270. Mipigo ya moshi haina usawa, mara miwili inafuatana karibu karibu inagombania njia, mara kimya kirefu, na huo ndo ule mngurumo wa kukwaruza wa V8 za barabarani ambao watu wengi tunaupenda. Kwa mbio waliutaka usawa. Wakaruka moja moja: 1, 4, 6, 7 kwenye kolekta moja, na 5, 2, 3, 8 kwenye nyingine, kila kolekta inapokea mpigo kila digrii 180 bila kukosa, na mpigo mmoja ukipita unaacha mvuto nyuma yake unaomsaidia anaefata kutoka. Angalia hizo namba vizuri, kila kundi lina mbili za kulia na mbili za kushoto. Ndo maana lazima yavuke, hayavuki kwa urembo.

Mimi nilikua nimeweka 3, 4, 5 na 6 pamoja. Nikapiga hesabu yake: mapengo ya 90, 180, 90, alafu 360. Mbaya kuliko hata kuyaacha bila kuvusha. Kimahesabu una njia mbili za kuipata sawa, ama mabomba ya katikati ya kila upande yavuke na ya pembeni yabaki kwao, ama kinyume chake. Kwa ekzosi yangu nilichagua ya katikati yavuke, yani 2, 3, 6 na 7. Tano na nane zinabaki kushoto. Kwahiyo lile bomba la tano lilinitoa kwenye kukunja waya likanirudisha kwenye karatasi, na tangu hapo sijawahi kukunja bomba kabla sijajua linatoka silinda gani na linaenda kukutana na nani.

Waya. Hapa watu wengi wanatumia waya wa lehemu maana ni mlaini, unakunjika kwa vidole, na kwa modeli ya kuweka kabatini ni sawa. Mimi ulinishinda kwasababu ya huo huo ulaini, ukiushika vibaya kidole kinaacha alama, ukiupitisha mrefu unalegea kidogo kidogo, na mabomba manane yanayopishana utayashika mara mia kabla hujamaliza. Nikahamia kwenye waya wa umeme wa ukutani, ule wa kopa wenye uzi mmoja, saizi ya milimita 2.5 za mraba. Ukiuchuna ganda lake uzi wa ndani una kipenyo cha milimita 1.78 hivi, zidisha mara 24 unapata kama milimita 43, na bomba halisi la heda, yani bomba la ekzosi linalotoka moja kwa moja kwenye injini, la inchi 1⅝ ni milimita 41, la inchi 1¾ ni 44. Uko katikati kabisa! Nilipoipata hesabu hiyo nilifurahi kama nimeokota kitu. Ukitaka bomba nene zaidi uzi wa milimita 4 za mraba una 2.26, ambayo ni kama 54 kwenye gari halisi, unafaa kwa bomba la baada ya kolekta kwenye magari madogo.

Waya ukitoka kwenye ganda una mikunjo yake midogo, kwahiyo unaushika ncha moja kwa plaizi, nyingine kwenye jiliwa, unauvuta mpaka unahisi umejinyoosha kidogo. Unanyooka kama ufito lakini pia unakua mgumu. Unaupasha moto mpaka uwe mwekundu hafifu, unautumbukiza kwenye maji, unatoka mlaini na mweusi mweusi, msasa namba 1000 unarudisha mng'ao. Kopa kila ukiikunja inazidi kuwa ngumu, kwahiyo ukiona inaanza kukataa usilazimishe, ipashe tena.

Kuhusu kukunja nina mjomba wangu ambae kafanya kazi ya ekzosi za magari makubwa miaka mingi, magari ya kweli, na siku moja alikuja akanikuta nimeshika plaizi ya mdomo mwembamba nakunja. Akachukua kipande kimoja akakisogeza karibu na macho. "Mjomba, hapa umelibana." Nikamwambia ni waya tu huo, ndani haupitishi kitu. Akasema najua, lakini anaeangalia hajui, yeye anaona bomba, na bomba likibana hivi injini inapumua kwa shida. Alafu akanionyesha kwa kidole pale plaizi ilipoacha meno, na pale kona ilipovunjika badala ya kuzunguka. Akaniuliza mashine yao inakunja vipi, nikasema inazungusha bomba kwenye gurudumu, akasema basi na wewe tafuta gurudumu.

Gurudumu langu ni shina la ncha ya drili ya milimita 3.5. Bomba zilizokunjwa kwa mashine nzuri kona yake mara nyingi ina nusu kipenyo cha mara moja na nusu ya unene wa bomba, kupima katikati ya bomba. Kwa waya wa 1.78 inakuja 2.67, toa nusu ya unene wa waya ubakie upande wa ndani, unapata kama 1.78, yani kitu cha mviringo chenye kipenyo cha 3.5 hivi. Nimebana shina la drili kwenye jiliwa, naweka waya, nasukuma kwa kidole gumba na kipande cha mbao, basi. Kila kona ya kila bomba inatoka na mviringo ule ule, na hapo ndo ekzosi ghafla inaacha kuonekana waya inaanza kuonekana bomba. Mimi naamini hilo lina uzito kuliko rangi, kuliko hata usahihi wa kipenyo. Jicho linajua kwamba mabomba yote haya yametoka kwenye mashine moja.

Kitu kingine kilichonifungua ni urefu. Heda za mbio za namna hii lengo lake ni mabomba yote yalingane urefu, ili mipigo isafiri umbali mmoja ifike kwa zamu yake. Mara ya kwanza nilikua nakata kila bomba kwa kadri linavyohitaji, fupi kwa karibu, refu kwa mbali. Mara ya pili nikakata vipande vinane vya milimita 42 kila kimoja, kama mita moja kwenye gari halisi, nikajiwekea sharti kwamba sikati hata kimoja, bomba lililo karibu na kolekta lazima litafute pa kuupeleka urefu wake. Na hapo nikaelewa ule ujinyoka unatoka wapi! Bomba la nyuma lililo karibu linalazimika kujipinda, linaenda mbele kidogo, linashuka, linarudi, wakati la mbele linakwenda karibu moja kwa moja. Sikuhitaji tena kubuni mikunjo. Urefu ukiwa sawa, mikunjo inajileta yenyewe.

Flanji, kile kibapa kinachoyashika mabomba kwenye injini, nilikata kwenye plastiki bapa ya nusu milimita, moja kila upande, matundu ya 1.8 yametobolewa kwa drili ya mkono taratibu, kila tundu nimelianzia na alama ya sindano maana ncha nyembamba inateleza kwenye plastiki na ikishateleza haurudi nyuma. Alafu unaanza na mabomba ya chini kabisa, yale yatakayofunikwa, na unapanda. Usigandishe. Yashikilie na udongo wa kuchezea watoto, mpaka yote nane yawe yamekaa.

Nasema usigandishe kwasababu mara ya pili niligandisha, mpangilio ukiwa sahihi, urefu sahihi, kona safi, nikaleta kifuniko cha nyuma nikifunge na hakikufunga. Kilibaki wazi kama milimita mbili. Hili gari jina lake 40 linatokana na kimo chake, inchi 40 tu kutoka chini, kwenye skeli ya 1/24 gari zima lina milimita 42 kwenda juu, na mimi nilikua nimepandisha mabomba kwa raha zangu kana kwamba kuna anga. Milimita mbili ni karibu sentimita tano za gari la kweli, huwezi kuisaga hiyo. Nikabandua tena. Sahivi kabla ya tone la gundi naweka vibonge vya udongo juu ya mabomba yaliyo juu zaidi, nafunga kifuniko taratibu, nafungua, naangalia udongo umebaki unene gani. Mafundi wa injini wanapima hivo hivo nafasi kati ya pistoni na valvu, na inafanya kazi.

Kolekta ndo sehemu niliyoipenda zaidi. Mabomba manne ukiyasogeza pamoja yakae mawili juu mawili chini, duara litakalowazunguka lina kipenyo cha mara 2.41 ya bomba moja, kwahiyo 1.78 inakupa 4.3. Na katikati yao kuna kinafasi chenye umbo la nyota ya ncha nne. Kwenye kazi ya kweli fundi anakiziba kwa kipande kilichochongoka kama piramidi ili moshi usizunguke pale, na mimi nimekichonga kwa plastiki iliyovutwa juu ya mshumaa, nikaisukuma ndani na kuikata kwa wembe. Hakionekani tena. Kipo.

Mdomo wenyewe unapanuka kama tarumbeta, na huo nimeukunja kwa bati la kopo la soda juu ya kijiti nilichokichonga koni. Bati la kopo lina unene wa milimita 0.1 hivi, ambayo bado ni 2.4 kwenye gari halisi na bomba nyingi za kweli hazifiki hapo, kwahiyo ukingo wa mdomo nimeupunguza kwa ndani na msasa uliozungushwa kwenye kijiti cha meno mpaka ukaonekana kama karatasi. Ukiangalia modeli yoyote kwa nyuma, unene wa mdomo wa ekzosi ndo unakwambia kama ni toy au gari. Tundu liende ndani pia, sio kitobo cha milimita moja, liende mpaka giza.

Mishono ya weldi nimefanya kwa supaglu na soda ya kuokea. Unagusa maungio na sindano yenye gundi kidogo sana, unanyunyiza unga, inaganda papo hapo na kuacha kiukingo chenye chembe chembe. Gundi ikizidi unapata tonge. Nilifanya majaribio kwenye vipande chakavu karibu jioni nzima kabla sijagusa ekzosi yenyewe, na bado mshono mmoja chini ya namba tatu sijauridhia.

Rangi sasa, na hapa nina neno na wenzangu wa modeli, kwasababu naona kosa moja linarudiwa na watu wenye mikono mizuri kabisa. Chuma kikipata moto kinabadilika rangi kwa hatua, na hatua zina mpangilio wake: kwa chuma cha kawaida kwenye digrii kama 220 kinakua manjano ya majani makavu, kinaingia kahawia, kwenye 280 zambarau, kwenye 300 na kidogo bluu, na kikizidi hapo bluu inakufa inakua kijivu. Bomba linachemka zaidi pale linapotoka kwenye injini na linapoa kadri linavyokwenda. Kwahiyo ukitembea kutoka kwenye flanji unaanza na kijivu kilichokufa, unakuta bluu, zambarau, kahawia, unamalizia na manjano inayopotelea kwenye chuma safi. Watu wanapuliza bluu kwenye mdomo wa nyuma kabisa maana inang'aa na inapiga picha vizuri, na manjano karibu na injini. Inapendeza, lakini hiyo ni injini inayotoa baridi.

Nilianza na praima, nyeusi ya kung'aa juu yake, alafu rangi ya chuma kwa eabrashi, yani kipulizio kidogo cha rangi, nyembamba sana. Juu ya hapo rangi za kampuni ya Tamiya zinazopitisha mwanga, X-24 ya manjano kwanza sehemu ndefu, X-26 ya chungwa ikifuata fupi zaidi, alafu X-23 ya bluu, na pale bluu inapopanda juu ya chungwa na mguso wa X-27 nyekundu zambarau inajitokeza. Kijivu cha mwisho ni X-19 ya moshi kwenye flanji. Yote nimeichanganya na dawa ya kuyeyushia mpaka ikawa karibu maji ya rangi, mipuliziko mingi ya kupita tu, maana ukiona rangi kwenye mpulizo wa kwanza ujue ushazidisha. Na kila bomba limepulizwa kivyake kabla ya kuungwa, kwasababu yakishapishana eabrashi haifiki chini, hivo ule mshikilio wa udongo unalipa mara ya pili.

Mjomba alikuja tena juzi. Sikumwambia kitu, nilimpa kioo cha kukuzia na injini ikiwa nje ya gari. Akaomba sindano. Akaweka ncha yake kwenye flanji ya kushoto, kwenye namba sita, akaifuata taratibu bila kuligusa bomba, ikapanda, ikavuka juu ya giaboksi, ikapita chini ya jingine, akaishia kwenye kolekta ya kulia. Hakusema neno. Akarudisha sindano kushoto, mbele kabisa, akaanza na namba tano.